Nodi ya Cassandra imekufa: kuiaga, kuiondoa, kuibadilisha au kuifuta jina?

`nodetool status`, amri ya kuona hali ya nodi, imeonyesha DN (iko chini) mbele ya anwani moja, na simu zimeanza kuita. Apache Cassandra, hifadhidata inayogawa data kwenye seva nyingi ziitwazo nodi, ina njia nne za kushughulika na nodi mbovu, na kwa majina tu ni rahisi kudhani zote zinafanya kazi ile ile kwa ukali tofauti. Sivyo. Zote nne hulitoa jina la nodi kwenye duara la tokeni, yaani mgawanyo wa namba unaoamua nodi ipi inashika data ipi. Zinapotofautiana ni hapa: nani anatoa data ya kujaza nakala iliyopotea, nani anaipokea, na kama yupo hata mmoja anayeitoa.

Mfano wetu ni klasta ya nodi 6 katika kituo kimoja cha data, kila nodi ina GB 500, kila safu ina nakala 3, na programu zinaandika na kusoma kwa QUORUM, yaani akidi: nakala 2 kati ya 3. Nodi yenye hitilafu ni 10.0.0.14. Maelezo yanahusu matoleo ya 3.11 hadi 4.1.

## Imekufa, au imezimia?

DN maana yake ni kwamba nodi uliyoiuliza haisikii mapigo ya mwenzake. Uliza kutoka nodi tatu tofauti. Moja ikisema DN na nyingine UN (iko juu), tatizo liko kwenye mtandao au ukuta wa moto uliofunga bandari 7000 (kwa 3.11, 7001 kama mawasiliano yamesimbwa), na hakuna nodi ya kuondoa.

Kisha tazama muda. Nodi ikiwa chini, wenzake huiwekea hinti, yaani maandishi iliyoyakosa, kwa saa 3 kama hukubadilisha mpangilio. Ikirudi ndani ya muda huo hupokea akiba yake na mambo yanaendelea. Ikichelewa zaidi bado inaweza kurudi, ila lazima ifanyiwe `nodetool repair`, yaani kulinganisha nakala zake na za wenzake na kusawazisha. Mpaka wa pili ni siku 10, ndizo sekunde 864000 za `gc_grace_seconds`. Safu ikifutwa, Cassandra huweka alama ya kufutwa, na alama hiyo inaweza kutupwa siku hizo zikipita. Nodi iliyolala siku 12 haikuiona alama. Ikiamka itawaletea wenzake safu zilizofutwa zamani, nao watazipokea kama data halali. Kwa hiyo nodi iliyovuka siku 10 haiwashwi tena na data yake ya zamani, hata bosi akisisitiza vipi.

Kama kilichoungua ni ubao mama na diski ni nzima, ihamishie diski kwenye seva nyingine yenye toleo lile lile na mipangilio ile ile kabla ya siku 10. Cassandra huitambua nodi kwa Host ID, namba yake ya utambulisho iliyohifadhiwa ndani ya data yake, hivyo itarudi kuwa ile ile hata IP ikibadilika. Watu wengi huisahau njia hii, na ndiyo pekee inayookoa maandishi yaliyoandikwa kwa ONE (nakala moja tu ikithibitisha) yakafika kwenye nodi hiyo tu.

## Vigezo

Kila njia tutaiuliza mambo yale yale: data inatoka kwa nani, mzigo unaangukia wapi na kwa muda gani, inakwamia wapi, inabakiza kazi gani, na inamfaa nani.

Swali la kwanza ndilo zito. Chukua andiko lililopokelewa na nodi A na B huku C ikilikosa. Akidi imetimia, mteja ameambiwa limehifadhiwa. A inakufa. D inachukua nafasi yake na kunakili kutoka kwa jirani mmoja tu. Jirani huyo akiwa C, D nayo haitakuwa na andiko. Sasa C na D wanatosha kuwa akidi, na akidi hiyo itajibu kwamba andiko halipo, ilhali B analo. Logi haitaonyesha kosa lolote.

Kuhusu nafasi ya diski, angalia kwanza raki, yaani makundi ya seva zinazoweza kuanguka pamoja. Bila raki, GB 500 za nodi inayoondoka zinagawanywa kwa nodi 5, wastani wa GB 100 kila moja. Lakini kama umepanga raki 3 zenye nodi 2 kila moja, kila raki inabeba nakala moja kamili. Nodi moja ikiondoka, mwenzake wa raki hiyo anarithi zote peke yake na kutoka GB 500 hadi GB 1000. Klasta nyingi huangusha nodi ya pili hapa, kwa diski kujaa, saa chache baada ya kuondoa ya kwanza.

## Njia ya 1: `decommission`, nodi inajiaga yenyewe

Amri hii hutolewa kwenye nodi inayoondoka, ikiwa hai. Kwenye `nodetool status` itaonekana UL (iko juu, inaondoka).

Data inatoka kwa nani. Kwa anayeondoka mwenyewe. Ni kama mtu anayegawa mali yake angali hai: kila mrithi anapata kile hasa alichokuwa nacho mwenye mali. Kisa cha C na D hapo juu hakitokei, kwa kuwa D inapokea kutoka kwa A.

Mzigo na muda. Mtoaji ni mmoja, na kikomo cha kutiririsha data ni megabiti 200 kwa sekunde, takriban MB 25. GB 500 kwa mwendo huo ni kama saa 5 na nusu. `nodetool setstreamthroughput` inaweza kukipandisha, ila kama unaondoa nodi kwa sababu diski inaugua, kuichapa mbio ni kuiua mapema.

Inapokwama. Sehemu mbovu ya diski ikiguswa, utiririshaji unakatika na nodi inabaki UL. Kwa kawaida huwashwa upya kisha hujaribiwa tena, au huzimwa kabisa na kuhamia njia ya 2 au 3. Kukatika kwa SSH hakuizuii kazi, maana inaendelea ndani ya seva. Angalia `nodetool netstats` kabla ya kurudia amri. Tangu 4.0 amri hii hukataa kama nodi zitakazobaki ni chache kuliko idadi ya nakala. Hapo punguza kwanza idadi ya nakala kwa `ALTER KEYSPACE`, usikimbilie `--force`.

Baada yake. Karibu hakuna. `cleanup`, yaani kufuta data ambayo nodi haimiliki tena, haihitajiki, kwa sababu waliobaki wameongezewa data, hawakupunguziwa. Faili za zamani hubaki kwenye diski ya aliyeondoka na Cassandra itakataa kuwaka juu yake. Futa saraka za data, commitlog, hints na saved_caches kabla ya kuitumia seva tena.

Inamfaa mwenye nodi inayochechemea lakini bado inajibu, na mwenye nafasi ya kutosha kwa waliobaki.

## Njia ya 2: `removenode`, waliobaki wanagawana

Nodi haijibu. Kutoka kwa yoyote iliyo hai chukua Host ID ya marehemu kwenye `nodetool status`, kisha:

`nodetool removenode <Host ID>`

Data inatoka kwa nani. Kwa majirani wenye nakala nyingine za tokeni zile. Kila mmiliki mpya huchukua kutoka kwa jirani mmoja, hivyo kisa cha C na D kinawezekana kabisa. Data yenye nakala 1 tu imepotea, na amri haitalia juu yake.

Mzigo na muda. Watoaji ni wengi na wapokeaji ni wengi, kwa hiyo kwa kawaida humalizika haraka kuliko `decommission`. Lakini mzigo huo unaangukia nodi zile zile ambazo sasa zinahudumia wateja zikiwa pungufu, na baada yake kompaksheni (kazi ya kuunganisha faili za data) hupanda. Fuatilia kwa `nodetool removenode status`, na utazame `nodetool compactionstats` kwa kila nodi.

Inapokwama. Nodi nyingine ikiwa chini wakati huo, haitapokea sehemu yake. Logi huandika onyo tu na kazi inaendelea. Ndiyo sababu nodi mbili haziondolewi kwa pamoja. Nodi uliyotolea amri ikiwashwa upya katikati, uondoaji unaweza kuning'inia bila mwisho. `nodetool removenode force` huufunga, lakini isomwe vizuri: inaacha kungoja uthibitisho wa kunakili, haimalizii kunakili. Ukiitumia, umeingia hali ya njia ya 4 bila kujua.

Marehemu akifufuka ni balaa lingine. Umeme ukirudi na huduma ikajiwasha, nodi iliyoondolewa inaweza kurudi kwenye duara ikidai tokeni zake. Kabla ya kutoa amri zima huduma isijiwashe, au funga bandari 7000 ya anwani hiyo kwa wenzake wote.

Baada yake. `nodetool repair -full -pr` kwenye kila nodi, moja baada ya nyingine. Kuifanya kabla ya kuondoa hakutasaidia: ukarabati hukataa sehemu ambazo jirani mmoja amekufa. Ukiongeza nodi mpya wiki ijayo, data itasafiri mara ya pili, kisha `cleanup` kwa nodi zote za zamani.

Inamfaa asiye na seva ya kuziba pengo, au aliyekuwa anataka kupunguza klasta tangu mwanzo.

## Njia ya 3: kubadilisha kwa `replace_address_first_boot`

Seva mpya, tupu, inaingia na kuvaa tokeni zile zile za marehemu. Umiliki wa nodi nyingine haubadiliki hata kidogo, na hilo ndilo pato lake kubwa. Kwa klasta ya raki yenye nodi 2, mara nyingi ndiyo njia pekee isiyojaza diski ya mtu.

Maandalizi yake ni mengi kuliko ya nyingine, na makosa mengi hutokea humo:

- Toleo la Cassandra, `cluster_name` na `num_tokens` vilingane na vya klasta. Chaguo-msingi la `num_tokens` lilikuwa 256, na tangu 4.0 ni 16, hivyo faili ya mipangilio iliyotoka kwenye kifurushi kipya huweza kukusaliti.
- Kituo cha data na raki kwenye `cassandra-rackdc.properties` viwe vile vya marehemu. Herufi kubwa na ndogo zinahesabika.
- Saraka za data ziwe tupu. Kama kifurushi kimeiwasha Cassandra mara tu baada ya kusakinishwa, tayari imeshaandika kitu humo.
- IP ya nodi mpya isiwemo kwenye orodha yake ya `seeds`, kwa sababu nodi ya mbegu (inayowakaribisha wageni kwenye klasta) haivuti data inapojiunga. Itaonekana UN ndani ya dakika moja, ikiwa tupu. `auto_bootstrap` nayo isiwe false.
- `system_auth`, ilipo orodha ya watumiaji na nywila, iwe na nakala zaidi ya 1. Huanza na 1, na wengi hawaigusi. Nodi iliyokufa ikiwa ndiyo iliyoshika nakala hiyo, watumiaji fulani hawataweza kuingia, na nodi mpya inaweza kugoma kwa ujumbe `Unable to find sufficient sources for streaming range`.

Ukishapitia hayo, ongeza mstari huu kwenye `jvm-server.options` (kwa 3.11, kwenye `cassandra-env.sh`), kisha washa:

`-Dcassandra.replace_address_first_boot=10.0.0.14`

Tumia jina hilo refu, si `replace_address` fupi. Refu hupuuzwa baada ya mwanzo wa kwanza, hivyo ukisahau kuufuta mstari hautakusumbua miezi sita baadaye.

Data inatoka kwa nani. Kwa majirani, kama `removenode`, na hatari ya C na D ni ile ile.

Mzigo na muda. Watoaji wengi, mpokeaji mmoja. Nodi 5 zikitoa megabiti 200 kila moja ni gigabiti 1 kwa sekunde, yaani kebo ya gigabiti 1 imejaa. Kinachobana ni mtandao, diski na kompaksheni ya nodi mpya, wala si kikomo cha watoaji. Wakati huu nodi nyingine zinaweza kuendelea kuionyesha DN. Kinachoendelea kitazame kwenye `nodetool netstats` ya nodi mpya yenyewe.

Inapokwama. `Cannot replace a live node` maana yake marehemu bado anapumua mahali, zima kweli. Ukiambiwa anwani haipo kwenye gosipu (umbea ambao nodi hupashana kila sekunde), kwa kawaida mtu ameshatangulia na `removenode`. Hapo huwezi tena kubadilisha. Nodi iingie kama mgeni wa kawaida. Utiririshaji ukikatika katikati, safisha saraka na uanze upya.

Baada yake. Ukitumia IP tofauti na ya zamani, nodi mpya hupokea maandishi mapya hata ikiwa bado inajaza. Ukitumia IP ile ile, haiyapokei, na kazi ikizidi saa 3 za hinti kutakuwa na pengo. Hapo `repair` ni lazima. Kwa IP tofauti nayo inashauriwa, kwa sababu ya C na D. Mwisho, kama marehemu alikuwa nodi ya mbegu, rekebisha `seeds` kwenye nodi zote.

Inamfaa mwenye seva ya ziada, au mashine za wingu zinazopatikana kwa dakika chache, na anayetaka ukubwa wa klasta ubaki ulivyokuwa.

## Njia ya 4: `assassinate`, kufuta jina daftarini

`nodetool assassinate 10.0.0.14`

Hupokea IP, si Host ID. Husubiri kama sekunde 30 kuona kama mapigo ya nodi yanabadilika, kisha huitangazia klasta kwamba haipo.

Data inatoka kwa nani. Hakuna. Wamiliki wapya wanapewa tokeni wakiwa mikono mitupu.

Mzigo na muda. Kama nusu dakika, bila mzigo. Urahisi huu ndio mtego wake.

Inapokwama. Nodi ikiwa bado inapumua, amri hugoma. Ikifanikiwa, anayeumia ni msomaji: anayesoma kwa ONE anaweza kujibiwa na mmiliki mpya asiye na kitu na kuambiwa safu haipo, na kwa akidi mmiliki huyo akiungana na jirani aliyekosa andiko, jibu ni lile lile.

Baada yake. `nodetool repair -full -pr` kwa kila nodi, mara moja, si mwisho wa wiki.

Inamfaa mwenye mzuka: anwani inayojitokeza kwenye `nodetool gossipinfo` au `system.peers` bila tokeni wala Host ID, ambayo `removenode` haiwezi kuikamata. Kabla ya kuitumia jua kwamba nodi iliyoondoka salama hubaki kwenye gosipu kwa hali ya LEFT kwa takriban saa 72. Huo si mzuka, subiri.

## Kwa hali yako

Nodi inajibu lakini logi za diski zinaonyesha makosa: jaribu `decommission` leo, usingoje kesho, ila piga hesabu ya raki kwanza. Kama mwenzake wa raki hana nafasi, izime na uende kwenye kubadilisha.

Imekufa, na una seva nyingine: badilisha, kwa IP mpya kama programu zako haziikariri ya zamani.

Imekufa, huna seva, na wastani wa diski uko chini ya asilimia 50: `removenode`, kisha `repair`. Diski zikiwa zimepita hapo, ni afadhali kuiacha DN kwa siku mbili tatu ukitafuta seva kuliko kuwajaza waliobaki. Kwa nakala 3 akidi bado inatimia, mradi isianguke nyingine.

Mbili zimekufa kwa pamoja: usiondoe hata moja. Kama haziko raki moja, kuna tokeni zilizobaki na nakala 1 tu, na akidi yake imevunjika. Jaribu kwanza kuirudisha mojawapo kwa diski yake. Ikishindikana, badilisha moja hadi iwe UN, ndipo ya pili, na `repair` baada ya zote mbili.

`removenode` imening'inia tangu jana: angalia `removenode status`, na uhakikishe hakuna nodi nyingine iliyo chini. Kama utiririshaji umesimama kabisa kwenye `netstats` za nodi zote, tumia `force` na uanze `repair` usiku huo huo. `assassinate` iwe baada ya hapo, na tu kama jina bado linaonekana saa 72 zikipita.